Starlet Iliyongoja Jua Lizame

Ujumbe ulifika Jumatano adhuhuri, wakati familia ya Ondieki imetulia katika hali yake ya kawaida: Duke Ondieki alikuwa chini ya gari, mkewe Priscah alikuwa ndani ya gari, na mama yake Duke, Mama Eucabeth, alikuwa sebuleni akichambua maharagwe juu ya kiti cha gari.

Habari ya kiti inahitaji maelezo. Gari la mashindano hupunguzwa uzito kama mtu anayetaka kuoa, na Starlet nyeupe ya akina Ondieki ilikuwa imepunguzwa bila huruma. Kapeti ilitoka. Redio ikatoka. Taa za mbele zikatoka, na mahali pa ile ya kushoto pakapitishwa bomba la kuvutia hewa. Ndani kulichomelewa kizimba cha mabomba ya chuma ili gari likibiringika dereva abaki na umbo lake. Kiti cha nyuma kilihamishiwa sebuleni kwa heshima zote, pamoja na mikanda yake, na mgeni aliyefika nyumbani kwao, nyuma ya soko la Migori, aliketishwa hapo na kuombwa na Mama Eucabeth afunge mkanda, kwa kuwa kiti kilikuwa na tabia ya kuanguka kinyumenyume. Kwamba mkanda wenyewe haukufungwa kwenye chochote ni jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuligundua mapema.

Priscah alisoma ujumbe kwa sauti. "Washiriki wote. Mbio za Lambwe zimehamishwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi. Jumapili Askofu anapita barabara hiyo kwenda kutoa kipaimara. Asanteni kwa kuelewa. Cliff."

Chini ya gari spana ilianguka.

"Jumamosi," alisema Duke.

"Jumamosi."

Kutoka sebuleni, Mama Eucabeth, ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii akiitwa kuchota maji, aliuliza polepole, "Sabato?"

Nyumba hiyo ilikuwa ya Waadventista, na kwao Sabato huanza jua likizama Ijumaa, ikaisha likizama Jumamosi.

Mbio zenyewe zilikuwa rahisi kueleza. Hakuna kukimbizana. Kila gari huingia barabarani peke yake, hufanya mzunguko mmoja wa kupasha tairi moto, halafu mzunguko mmoja wa kushindana na saa. Muda wako huandikwa ubaoni, watu wote wanauona, basi. Na akina Ondieki walihitaji kuonwa. Tangu mwanzo wa mwaka gereji yao ilikuwa imekauka, kwa sababu Subaru ya Magige wa Isebania ilikufa injini wiki moja baada ya kutengenezwa hapo. Magige alikuwa na malori, marafiki na sauti. Alitangaza kutoka Isebania hadi Kendu Bay kwamba gereji ya Ondieki inaua injini. Sababu nyingine za kifo hicho hakuzitaja, mojawapo ikiwa Magige. Wateja waliacha kuja. Wenye magari ambao walikuwa wakisimama kusalimia sasa walisalimia wakiwa mwendoni.

Ndipo Priscah akasema: tusibishane na mtu. Tujenge gari kwa mikono yetu, tuliweke mbele ya saa, saa ndiyo iseme. Alikuwa akiendesha tangu alipobeba mboga za sokoni kwa pikapu ya baba yake, na katika nyumba hiyo hakuna aliyepoteza muda kuuliza nani angekuwa dereva.

Duke alijitoa chini ya gari, uso mweusi kwa oili. "Mama Kemunto," alisema, maana binti yao Kemunto, aliyekuwa shule ya bweni, ndiye aliyewapa majina yao ya heshima, "Mungu anajua hali yetu. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si anatolewa?"

"Huyo ng'ombe alitumbukia," alijibu Mama Eucabeth kutoka sebuleni. "Hii yenu mnaisukuma wenyewe."

"Mama, sikuongea na wewe."

"Ulitaja Maandiko. Hayo ni ya wote."

Priscah alikuwa bado ameshika usukani. "Siendeshi Sabato," alisema. "Na sijitoi."

"Sasa hapo katikati kuna nini?"

"Sijui. Kesho naenda Homa Bay kumuuliza Cliff."

*

Cliff alikuwa na duka la tairi Homa Bay, karibu na soko, na ndiye aliyekuwa ameitisha mbio hizo. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kukubaliana na kila mtu hadi mtu huyo aondoke. Priscah alimkuta akisimamia ufungaji wa tairi mpya nne kwenye Subaru ya bluu. Kwenye benchi, akila njugu kutoka kwenye gazeti, alikaa mwenye Subaru. Alikuwa Magige.

"Karibu, daktari wa injini," alisema Magige. "Nani amekufa leo?"

Mafundi wa tairi walicheka kwa kiasi ambacho mteja mkubwa hustahili. Priscah alimsalimia Magige kwa adabu, jambo lililomuudhi zaidi, kisha akamgeukia Cliff.

"Ndugu yangu, nimepata ujumbe."

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, najua unachotaka kusema, na naelewa kabisa," alisema Cliff. "Lakini siwezi kumwambia Askofu apite porini."

"Sijaja kwa sababu ya Askofu. Polisi wanafungua barabara saa ngapi Jumamosi?"

"Saa moja jioni kamili. Si dakika moja zaidi, OCS wa kituo cha polisi ameapa."

"Jua linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kanisani kwetu hutangazwa kila wiki. Likizama, Sabato imeisha. Nipe hapo."

Cliff alihesabu kwa midomo. Magige aliacha kutafuna.

"Omera, ndugu yangu, hawa watu wanataka kukimbia na popo," alisema Magige.

"Dada, wenzako watakuwa na siku nzima," alisema Cliff. "Mtu akikosea anarudia hata mara sita. Wewe utapata mzunguko wa kupasha moto na mmoja wa saa. Ukikosea kona moja umekwisha. Na hiyo gari yako si nimeiona kwa picha? Pale pa taa mmeweka bomba. Siwezi kuruhusu gari bila taa jua likishazama. Mkaguzi atanila."

"Taa zitarudi."

"Ijumaa, kabla ya ukaguzi kufungwa?"

"Ijumaa."

Cliff aliitazama sakafu, akaitazama dari, akaona hakuna msaada pande zote mbili. Magige ndiye aliyemwokoa.

"Mpe, Cliff. Watu watahitaji kitu cha kuchekesha wakati tunakunja hema."

"Asante, mzee Magige," alisema Priscah, akatoka kabla ya mtu yeyote kubadilisha mawazo.

*

Taa ni kitu ambacho mtu huona hana haja nacho mpaka akihitaji. Ile ya kulia ilikutwa bandani, kuku wa Mama Eucabeth ameifanya kiota, na mayai yakahamishwa mbele ya kuku mwenyewe akilalamika. Ya kushoto ilikuwa imeuzwa kwa dereva wa Probox wa Kendu Bay. Dereva huyo aligoma, akabembelezwa, akagoma tena, halafu akakubali kuiazima mpaka Jumapili, naye mwenyewe abaki akiendesha kwa jicho moja kama alivyofanya miaka mingi kabla ya kuinunua.

Ijumaa waliivuta Starlet kwa pikapu ya kukodi hadi Lambwe, Mama Eucabeth akiwa mbele na dereva, amekumbatia sufuria ya chakula cha Sabato. Uwanja wa ukaguzi ulikuwa malisho yaliyokatwa nyasi kando ya barabara mpya ya lami. Barabara ilizunguka kilima kidogo, ikashuka kwenye josho la ng'ombe, ikapanda tena hadi ilipoanzia. Magari yalisimama safu kwa safu, yaking'aa, na watu wake walivaa fulana zinazofanana. Akina Ondieki walivaa walichokuwa nacho.

Priscah alivua viatu vya kwenda mjini, akavaa ndara, akautembea mzunguko wote kwa miguu. Kwenye kona ya josho alirudi nyuma na kuitembea mara tatu. Ng'ombe walikuwa wamemwaga mchanga ukingoni, naye aliufagia kwa mguu kujua unaanzia wapi.

Duke alikuwa na tatizo lake. Taa ikirudi, bomba la hewa linakosa nyumba. Alikata tundu kwenye boneti kwa mkono, mbele ya watu, akalipindisha bomba juu ya rediata, akatengeneza kifuniko kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia. Vijana wa fulana zinazofanana walikuja kutazama.

"Boss, hiyo ni ya kupikia ama ya kukimbia?"

"Zote," alisema Duke bila kuinua kichwa.

Taa ya kulia ilifungwa. Ya kushoto ikafungwa, ikawashwa, ikawaka. Mkaguzi alikuja, akatikisa kizimba, akavuta mkanda, akatazama taa, akasema zipo, akabandika stika. Kilichobaki kilikuwa kuielekeza taa ya kushoto, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa waya na ilitazama juu. Duke alichukua bisibisi. Jua likaingia nyuma ya milima ya Gwasi.

"Zana chini," alisema Mama Eucabeth.

"Mama, bado. Limeingia tu nyuma ya mlima. Saa kumi na mbili na robo hii."

"Nimeliona likienda."

"Dakika mbili. Skrubu moja."

"Duke. Sabato ina kingo, na kingo hulindwa. Mtu halali ukingoni mwa kitanda akisema hajaanguka."

Duke alimtazama mkewe. Priscah alitazama taa, iliyokuwa ikielekea mbinguni kwa unyenyekevu mkubwa.

"Weka bisibisi, Baba Kemunto," alisema. "Tusianze kwa kuiba dakika mbili."

Aliiweka. Sauti ya bisibisi hiyo ikiingia kwenye sanduku ilikuwa na maneno mengi ambayo Duke mwenyewe hakuyasema.

*

Kanisa la Waadventista lililokuwa karibu lilikuwa la mabati, na mabati hayana siri. Siku nzima ya Sabato waumini walisikia injini zikilia bondeni. Mzee wa kanisa, Okemwa, alihubiri juu ya uvumilivu, na kila alipofika mahali pazuri gari lilibadilisha gia.

"Kuna wageni wetu leo," alisema mwishoni, akiwaangalia watatu kwenye benchi la nyuma. "Nimeambiwa wana gari huko chini. Sijui niwaombee washinde ama watubu. Nitaacha Bwana achague."

Kanisa lilicheka. Priscah alicheka pia, masikio yakiwaka moto. Duke hakucheka. Alikuwa akihesabu magari kwa sauti zake, na ile ya Subaru ya Magige alikuwa ameitambua kutoka aya ya pili ya somo.

Jioni walishuka kwenda uwanjani na kuketi nyasini kando ya Starlet, mikono magotini, bila kuigusa. Ubao wa muda ulikuwa umejaa. Wa kwanza alikuwa mtu wa Kisumu. Wa pili, mwingine wa Kisumu. Wa tatu, Magige: dakika mbili na sekunde kumi. Alikuwa amerudia mara nne kuupata muda huo, na joto la mchana lilikuwa limeichosha Subaru na yeye pia. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunjwa, soda mkononi, akingoja kichekesho chake.

Jua liliingia nyuma ya Gwasi.

Cliff alikuja mbio. "Nyar Kisii, twende. Limezama."

Priscah alisimama. Duke alisimama. Mama Eucabeth hakusimama.

"Limefichwa na mlima," alisema. "Halijazama."

Duke alishika kichwa. "Mama. Jana lilizama hapo hapo. Kwenye mlima huo huo. Ulisema umeliona likienda."

"Jana tulikuwa tunaingia. Leo tunatoka. Kuingia unawahi, kutoka unachelewa. Ukialikwa kwa mtu, ukafika umechelewa, ukatoka kabla ya wenzako, ulienda kufanya nini?"

"Dani," alisema Cliff, ambaye bibi yake mwenyewe alikuwa amemfundisha kutobishana na mabibi, "polisi yuko hapo. Anashika kamba. Ana watu wa malori wanapiga honi upande wa pili."

"Waambie wapige polepole."

Vijana wa fulana walikuwa wamekusanyika. Mmoja akamwambia Priscah, si kwa ubaya, "Dada, panda tu. Nani atajua?"

Hapo ingekuwa rahisi kupanda. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu ambaye amelala chini ya gari moja kwa miezi, na ambaye Jumatatu angefungua lango la gereji lisilopitiwa na mtu. Priscah alifikiri juu ya dakika zile, ambazo hazingemuumiza mtu yeyote. Akafikiri kwamba alikuja hapa ili saa iseme ukweli juu yao, na kwamba mtu hawezi kuidanganya saa moja na kuiamini nyingine.

"Tunangoja," alisema, akaketi tena nyasini na gauni lake la kanisani.

Walingoja. Honi zilipigwa. Magige alinunua soda nyingine. Bonde likageuka rangi ya majivu, na upepo wa baridi ukashuka kutoka mlimani. Hatimaye Duke, aliyekuwa ameikazia macho simu yake, alisema, "Arobaini."

Mama Eucabeth alisimama, akakunja leso yake, akasema, "Tufunge Sabato."

Kila mtu wa nyumba hiyo alijua maombi ya Mama Eucabeth. Yalianzia kwenye uumbaji, yakapitia wagonjwa wa Migori mmoja mmoja, na hayakuwahi kumalizika chai ikiwa bado moto. Duke alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Bwana," alisema Mama Eucabeth, "asante kwa Sabato. Unajua tuna haraka. Amina."

Priscah alikuwa ndani ya gari kabla ya "amina" kutua. Duke alimfunga mikanda juu ya gauni, akamvalisha helmeti, akaikumbuka taa ya kushoto, akaitazama.

"Iache," alisema Priscah.

*

Starlet ilitoka. Taa ya kulia iliangaza barabara, ya kushoto iliangaza vilele vya miti, na ndege waliokuwa wamelala waliamka kuona nani amefika. Mzunguko wa kwanza aliutumia kukanyaga breki na kuyumbisha gari ili tairi zipate moto, akitafuta kwa nusu ya mwanga alama alizoziweka kichwani: jiwe, mfereji, kisiki. Akapita mbele ya hema. Saa ikaanza.

Injini ilivuta. Priscah alilijua gari hilo kwenye jua la Migori, lilivyokuwa likihema na kulalamika, na kwa muda alidhani amekosea gia. Halikuwa kosa. Hewa ilikuwa baridi, na hewa baridi ni nzito. Injini ikiimeza hupata nguvu kama mtu aliyekula ugali badala ya mandazi. Bomba lililopitia debe la mafuta ya kupikia lilikuwa likinywa upepo wa Gwasi wote.

Alishuka kwenye josho akiwa na kasi ambayo hakuwa ameipanga. Taa haikumwonyesha mchanga. Miguu yake ndiyo iliyokumbuka ulipoanzia. Alikanyaga breki, akaiachia, akageuza mapema kuliko macho yalivyotaka, na tairi ya nyuma ikausugua ukingo wa lami na kubaki juu yake. Akapanda kilima kwa gia ya tatu, akiona hema, akiona watu wamesimama, akiona polisi mmoja ameshika ncha ya kamba na kutazama saa yake.

Alipopita mstari, alisikia honi za malori nyuma yake kama makofi, ingawa hazikuwa makofi.

Cliff aliangalia kipima muda. Akaangalia tena. Akamwita mwenzake naye aangalie. Kisha akaandika ubaoni: dakika mbili, sekunde tisa, nukta nne.

"Hiyo ni nzuri?" aliuliza Mama Eucabeth.

"Ni ya tatu, Dani."

"Na yule bwana wa njugu?"

"Amekuwa wa nne."

Magige alikuwa amesimama. Kiti chake cha kukunjwa kilikunjika chenyewe. "Hapana," alisema. "Hiyo haihesabiki. Sisi tumekimbia saa saba mchana, jua linapika. Yeye amekimbia na hewa ya jioni. Kila dereva anajua hewa ya jioni ni farasi mwingine. Hawa watu wametumia dini kuiba hewa."

Kulikuwa na minong'ono, kwa sababu kuhusu hewa alikuwa anasema kweli. Cliff alifungua mdomo akubaliane naye.

"Hiyo hewa haikuwa ya Waadventista, baba," alisema Mama Eucabeth. "Ilikuwa hapa tangu saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa umekaa ukinywa soda."

Watu walicheka, na safari hii hawakucheka kwa kiasi. Magige alisubiri wanyamaze.

"Basi fungueni boneti," alisema. "Sheria inaniruhusu kukagua. Starlet haiendi hivyo. Kuna kitu humo."

Duke alikuwa akimtoa mkewe kwenye mikanda. Priscah alivua helmeti, nywele zimelala upande mmoja, akaenda mbele ya gari mwenyewe akafungua boneti.

"Kagua, mzee Magige," alisema. "Usiwe na haraka. Barabara imeshafunguliwa, hatuendi popote."

Giza lilikuwa limeingia chini ya boneti, kwa hiyo Magige alitoa tochi yake kubwa ya lori na kuinama. Alitazama. Akamulika injini, akamulika bomba, akafuata kila waya hadi mwisho wake. Wengine wakainama pia, mtu wa Kisumu aliyekuwa wa kwanza, vijana wa fulana, madereva wawili wa malori walioshuka kuona kilichowachelewesha. Polepole maswali yalianza kutoka sehemu tofauti za duara, na hayakuwa ya Magige.

"Hii kona ya bomba umeipindaje bila kulipasua?"

"Nililijaza mchanga kwanza," alisema Duke.

"Na hii breki, umetoa kwa gari gani?"

"Subaru, gurudumu la mbele. Tulichonga mabano."

"Mnafanya na Probox?"

"Tunafanya."

"Mko wapi Migori?"

"Nyuma ya soko. Uliza kwa Ondieki."

"Ngoja nione hapo nyuma, kwa rediata," alisema mtu wa Kisumu, akisukuma bega. "Sioni vizuri. Wewe mwenye tochi, leta huku. Mulika chini kidogo."

Magige alisita, tochi mkononi, watu wakimbana pande zote na nyuma. Kisha akawamulikia kazi ya Ondieki.